Nati za Mheshimiwa

Fundi alikuwa akipaka rangi nati za magurudumu. Si magari, si milango, wala si rimu. Nati tu, zile zinazokazwa kwa wili spana na kusahaulika mpaka tairi lichomoke. Alizisugua kwa msasa, akazitundika kwenye waya kama soksi za mtoto mchanga, akazipulizia rangi aliyoitaka mwenye gari. Binti yake akiulizwa baba yako anafanya nini, alijibu kwamba baba yuko kwenye mambo ya magari, kisha akabadilisha mazungumzo.

Asubuhi moja dereva wa Mheshimiwa alileta nati ndani ya kopo la maziwa. Mheshimiwa alitaka zifanane na tai yake mpya. Tai yenyewe ililetwa ndani ya bahasha, kwa sharti isishikwe na mikono yenye mafuta.

"Zambarau hiyo," dereva alisema. "Sio ya biringanya. Zambarau ya heshima."

Fundi alimjibu kwa ukali, dereva alipokwisha kuondoka.

Rangi ilipokauka, nati zilianza kulia. Zililia kwa kupanda na kushuka, kama king'ora cha gari la wagonjwa kinachosikika kutoka mbali. Fundi akadhani amezidisha tina ya kuzimulia rangi. Akaikwangua rangi yote, akapaka upya, zikalia vilevile, ila kwa sauti safi zaidi, kwa kuwa safari hii alikuwa ametanguliza praima, ile rangi ya chini.

Alasiri akaja marehemu mkewe. Alikuwa na kawaida ya kupita siku za kazi kuangalia kama mumewe amekula. Alivua kandambili mlangoni, akainamia waya.

"Mzee, hizi umezitoa wapi?"

"Za Mheshimiwa."

"Za Mheshimiwa wapi! Hizi za gari la wagonjwa. Siku ile nilitega sikio niisikie sauti hii mpaka nikafa. Leo nitaikosea?"

Fundi akakumbuka. Siku ile hospitali ilisema gari lina hitilafu, naye akawaeleza majirani kwamba hitilafu ni mambo makubwa ya injini, hayaelezeki kwa mtu wa kawaida. Kumbe gari lilikuwa pale uani, injini nzima, mafuta tele, matairi yote manne. Halina nati. Na aliyewaeleza watu hitilafu hiyo ni fundi wa nati.

Dereva aliporudi kuchukua mzigo hakukana.

"Za Mheshimiwa ziliibwa kitambo, tukaazima. Saizi moja."

"Mtarudisha lini? Binti yangu siku zake zimefika, anajifungua wakati wowote."

"Mzee wangu, tukirudisha si itajulikana kwamba tuliazima?"

Akaondoka nazo zikilia.

Marehemu alikasirika. "Ungezipaka mpaka ule mdomo unaokaa kwenye rimu. Rangi ikisagika pale, zinalegea zenyewe njiani."

"Na dereva je? Ana watoto."

"Basi nenda kaseme. Una mdomo, huna?"

Fundi akavaa shati lake lenye kola, lile la msibani, akaenda ofisini kwa Mheshimiwa. Njia nzima alijisomea maneno makali, mengine hata mbwa wa getini alisogea. Mheshimiwa alitoka mwenyewe, akamshika bega.

"Wewe ndiye uliyezitia sauti? Tangu tuzifunge, watu wananipisha bila hata kupigiwa honi. Hongera sana, fundi."

"Asante, Mheshimiwa."

Alipofika nyumbani ndipo alipokumbuka kwamba alikwenda kulalamika.

Hospitali ilikuwa na gari la pili la wagonjwa, bovu bovu lakini likitembea. Kesho yake dereva alileta kopo jingine. Msaidizi wa Mheshimiwa naye alitaka zinazolia. Fundi alizishika moja moja, akatikisa kichwa, akalaani serikali yote kuanzia juu hadi kwa tarishi, kisha akazipaka. Zilitoka vizuri mno. Marehemu hakusema naye siku hiyo. Alizungumza na binti tu.

Siku iliyofuata, mchana, uchungu ulimshika binti. Hospitali ilipopigiwa simu ilisema magari yote mawili yana hitilafu. Wakatoka kwa miguu, baba kamshika mkono huu, mama ule. Majirani waliwaamkia wote watatu, wakamwambia marehemu amependeza.

Karibu na soko walisikia king'ora.

"Wamekuja," binti alisema, akafumba macho.

Yalipita magari mawili marefu, meusi, magurudumu yakilia kwa pamoja. Watu wakajibana ukutani kupisha, na hao watatu nao wakajibana. Dereva wa gari la mbele alimwona fundi, akateremsha kioo, akampungia. Fundi akapunga naye, akitabasamu, na angeendelea kupunga kama marehemu asingeushika ule mkono na kuushusha.

"Sio hao, mwanangu," marehemu akamwambia binti. "Pumua. Twende."