Mafuta ya Ng'ombe wa Kambere

Wanajeshi walimchinja ng'ombe wa Kambere Jumapili, watu wa kijiji cha Kalunguta wakiwa kanisani. Kambere alipotoka ibadani alikuta kigingi na kamba tu. Maziwa ng'ombe yule alikuwa nayo haba, lakini samadi yake ilikuwa mali. Ilishuka kwenye shimo lililozibwa kwa saruji, vijidudu vikaila humo bila hewa, gesi ikapanda kwa mpira hadi jikoni, na Agar, mke wake, akapika bila kukanyaga msituni kutafuta kuni. Tangu vita vya pili vianze nchini na msitu kujaa watu wenye bunduki, wanawake waliokwenda kutafuta kuni walirudi kimya, na wengine hawakurudi kabisa.

Jioni komanda Ilunga, mtu wa Katanga, akamletea sufuria ya mafuta yaliyobaki, akicheka bila haya.

"Papa, tia mu shimo yako. Mafuta inawakaka muzuri kuliko mavi."

Kambere alijua hatari yake. Stanislas, fundi aliyelijenga shimo kabla ya kukimbilia Uganda, alimwonya: mafuta yakivunjika hugeuka asidi kwanza, na vijidudu vinavyoila asidi hiyo ni vivivu, asidi ikivizidi hufa. Vipe kidogo kidogo, kama mgonjwa anayezoeshwa chakula. Lakini hasira zilimpanda. Wamekula nyama yote, angalau mafuta yawe yake! Akamwaga sufuria nzima.

Siku chache moto uliruka, naye Kambere, mpumbavu yule, akajisifu kwa majirani. Halafu shimo likaanza kunuka uchachu, moto ukapepesuka, ukazima. Alitia majivu kupunguza ule uchachu, akakoroga, wapi! Lililobaki ni kutia samadi mbichi yenye vijidudu vipya, lakini ng'ombe wa kilima kizima walikuwa wameshaliwa.

"Stanislas alikuambiaka?" Agar aliuliza.

"Aliniambiaka."

Agar alimfungua mtoto wao Sagesse mgongoni, akamkabidhi Kambere, kisha akachukua panga na ile kamba ya ng'ombe.

"Acha niende miye," Kambere alisema.

"Bakikukuta weye, batakuua."

"Na weye, mama Sagesse?"

Agar alikaza kitambaa kichwani, akakunja kamba polepole. Hakumtazama mumewe.

"Nikirudia nyumbani, usiniulize kitu," alisema, akashika njia ya msituni.