Nesi Mwenye Macho Makavu

Mibuni inapochanua, harufu yake hunirudisha kwenye zahanati ya misheni, mwaka 1954, nikiwa binti mwenye gauni jeupe na kiburi cha kutosha. Lo, nilivyolipenda lile gauni!

Sista, mkuu wetu Mzungu, alikuwa na sharti moja. "Adelgunda, ukilia mbele ya wagonjwa, unarudi kwenu. Machozi hayashushi homa." Na kwetu nilikuwa nimeondoka kwa ugomvi, maana baba alitaka niolewe. Nikajifunza kuyameza.

Kisha mtoto wa Kemilembe, mama mmoja wa kijiji cha Rugu, akafia mikononi mwangu kwa homa ya mapafu. Mama alipiga yowe, wodi nzima ikalia naye. Mimi nilikunja shuka nimeuma meno. Sista aliridhika.

Lakini kwetu Karagwe, mtu akikauka macho penye kifo, watu hujiuliza anajua nini kuhusu kifo hicho, kama si mchawi. Wiki haikuisha, akina mama wakaanza kuikwepa meza yangu. Walijipanga kwa nesi mwenzangu Kokubanza, hata mvua ikinyesha. Nilipomkaribisha mmoja, alimfunika mtoto wake kanga nisimwone. Hasira zilinipanda: aliyekesha na yule marehemu si mimi? Kazi niliyoipigania ikawa chungu kama shubiri. Kila asubuhi nilitamani kuliacha gauni msumarini nikaolewe, liwalo na liwe.

Jumapili nikaenda Rugu kwa miguu. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Jembe halijashikwa, wanawake wameketi ndani, kwenye nyasi za msiba zilizotandikwa sakafuni. Nilifungua mdomo niseme shikamoo, kikatoka kilio. Nililia kwa sauti, mpaka kamasi.

Kemilembe akaniinua kidevu. "Kumbe machozi unayo! Uliyaficha wapi, mwanangu?"

"Nilikatazwa, mama."

Akasogea, akanipa nafasi kwenye nyasi. Nikalala hapo na wafiwa.

Jumatatu nilifika kazini macho yamevimba. Sista alinisimamisha mlangoni.

"Umelia?"

"Ndiyo, Sista. Kwa wafiwa. Na nitalia tena."

Sista alikuwa bado ananitazama, Kemilembe alipoingia na binti yake mdogo anayekohoa. Aliipita foleni ya Kokubanza, akampita na Sista, akamweka mtoto mikononi mwangu mbele ya wote.

"Nimebaki na huyu tu," akasema. "Mshike wewe."