Ndege Iliyotua Nzima

Kila Jumamosi saa kumi, Laban, fundi wa pampu za maji, alikunjua nyaya mbili ndefu kwenye uwanja wa Garsen. Upande mmoja mpini, upande wa pili ndege ndogo ya kuchezea, ya soli za ndara yenye injini ya kuenea kiganjani. Alisimama katikati, ndege ikamzunguka. Injini ikizima hewani, mshika mpini hurudi nyuma upesi ili nyaya zisilegee, ndege itue salama. Laban alilijua hilo vizuri. Kila ilipozima alisogea mbele.

"Fundi, ndama wako ana kamba mbili na bado anaanguka," alisema Sabdio, muuza maziwa. "Wangu hawana hata moja."

"Wako hawaruki, mama."

"Wala hawafi kila Jumamosi."

Injini ikazima. Katika kile kimya Dama, mkewe aliyezama katika mafuriko ya mwaka juzi, akamwita kutoka upande wa mto, kama kawaida yake. Laban akasogea. Ndege ikapiga pua chini.

Alifungua tangi. Alikuwa amelijaza mafuta safi. Yakatoka maji ya mto Tana, rangi ya chai, na mtoto wa kambare. Sabdio akayakinga maji kwa chupa. Kambare akaenda kwenye beseni la Sabdio, wa nane.

Boti iliyomchukua Dama kutoka Idsowe, akiwa na uchungu wa uzazi, ilizimika katikati ya mto. Mwenye stoo ya mafuta ya boti alikuwa ameyauza na kujazia pipa maji. Ripoti ilisema fundi hakuikaza injini vizuri. Fundi alikuwa Laban.

Mukhtar, karani wa ofisi iliyoandika ripoti, aliipanga chupa aliyoletewa na Laban rafuni pamoja na zile saba.

"Ndege iliyoanguka si ushahidi, fundi. Niletee nzima."

Jumamosi iliyofuata, injini ilipozima, Laban alirudi nyuma. Ndege ikatua kama njiwa. Tangini mlikuwa na mafuta, safi. Hakuna aliyeita. Alisubiri mpaka magharibi, mpini mkononi.

"Leo hajaja," Sabdio alisema, na hakutania.

Jumatano mto ukapanda. Mwenye stoo yule yule alijaza boti kutoka pipa lile lile, ikaenda Chara kuchukua wajawazito wawili.

Jumamosi injini ilizima katika mzunguko wa sita. Sabdio alikuwa ameshaleta chupa. Dama akaita, na nyuma yake sauti nyingine mbili, ngeni. Laban akasogea mbele.