Kati ya Kona na Daraja

Mpaka wiki iliyopita, madereva wakituona nyuma ya kona ya Ngulyati walikuwa wanaanza kupiga honi kabla hata hawajatufikia. Walitujua. Walijua kwamba kuanzia kona ile mpaka kwenye daraja dogo, mjomba Bujiku atashika katikati ya lami na trekta lake, mwendo wa mtu anayeswaga ng'ombe, na hatampisha mtu. Iwe basi, iwe Fuso, wote watakaa nyuma yetu wakimeza moshi. Tukishavuka daraja mjomba alikuwa anasogea kushoto, anawasha indiketa, nao wanapita mmoja mmoja wakitukana.

Matusi yalikuwa yanaanzia kwangu, kwa sababu mimi nakaa juu ya mzigo wa pamba, nimeelekea nyuma.

"We binti, mwambie babu yako barabara siyo kitanda!"

"Kama amechoka, ashuke alisukume!"

Sikujibu. Tangu utoto mimi si mtu wa kujibu. Darasani mwalimu akiniuliza jina nilikuwa nalisemea kwenye kola ya shati, Milembe, mpaka aniulize mara ya tatu. Nilipofika darasa la tano mama akafariki, nikaacha shule, na baba akaoa mke mwingine kule Mkula. Mjomba ndiye aliyekuja kunichukua. Hakuitisha kikao. Alisimama uani akasema, "Huyu nitakaa naye," akabeba kibegi changu.

Trekta si letu. Ni la Danford, bwana mmoja wa mjini. Mjomba analiendesha msimu wa pamba, kutoka ghala la kijiji mpaka kiwandani Bariadi, na hilo ndilo linalotulisha. Danford ameshapigiwa simu mara mbili na watu wa mabasi. Mara ya pili alikuja nyumbani, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Bujiku, nikisikia tena unaziba njia, nachukua funguo."

"Sawa, bwana," mjomba alisema. Kesho yake akashika katikati kama kawaida.

Nilijua kwa nini anafanya hivyo. Nilijua pia kwamba neno langu moja lingeweza kumwachisha. Sikulisema mwaka mzima.

Barabara yetu ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Anayetaka kumpita mwenzake lazima atoke upande wa wanaokuja. Kwa hiyo mwenye gari la polepole ndiye macho ya aliye nyuma yake. Akiwasha indiketa ya kushoto anamwambia pita, mbele kweupe. Akiwasha ya kulia anamwambia tulia, kuna mtu anakuja. Ukishapita unapiga honi mbili fupi, pi-pii, ndiyo asante. Kila dereva anaifahamu desturi hiyo, na kila siku watu wanaweka uhai wao kwenye indiketa ya mtu wasiyemjua.

Mwaka jana, mwezi wa saba, indiketa ya kulia ya trela letu ilikufa. Mjomba alisema ataitengeneza Jumamosi. Mpaka Jumamosi, mimi ndiye ningekuwa taa. Alinipa kitambaa chekundu.

"Ukiona kitu mbele, kinyanyue hiki juu. Kukiwa kweupe, wapungie mkono wapite. Lakini kwanza geuka utazame. Usimpungie mtu bila kutazama, ng'wanawane, mwanangu."

Niliifanya kazi hiyo vizuri kwa siku nne.

Siku ya tano, saa tisa mchana, akaja Novatus na pikipiki yake. Tulifahamiana kwa sura. Mama yake, Benedikta, huwa anakaa benchi la mbele yetu kanisani. Alikuwa amefunga kreti la chupa tupu za soda nyuma ya kiti. Akapunguza mwendo, akawa anatufuata karibu kabisa na trela, uso umeinuka kunitazama.

"Mwadila, mayu!"

Nikainamisha kichwa.

"Haa! Hata salamu? Au mpaka nije na barua ya mtendaji?"

Nikavuta kanga mdomoni. Nilikuwa nacheka, na sikutaka aone meno yangu. Akaona.

"Anacheka! Jamani, dada wa pamba anacheka! Sasa nikae hukuhuku nikuangalie mpaka mjini, au nipite?"

Uso wangu ulikuwa unawaka. Nilitaka jambo moja tu, aondoe macho yake kwangu. Sikugeuka kutazama mbele. Nilimpungia mkono apite.

Akapiga honi moja, pii, akatoka kulia. Honi hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho. Fuso la ng'ombe lilikuwa linatokea upande wa darajani.

Vipande vya chupa viko pale mpaka leo, kwenye changarawe. Jua likiwa kali vinametameta.

Mjomba aliniuliza mara moja tu, jioni ile, mikono yake ikiwa bado na vumbi la barabara. "Ulinyanyua kitambaa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi hakukiona. Kitambaa si taa." Akakaa chini pale alipokuwa amesimama. "Mimi nililiona lile Fuso. Niliwasha ya kulia, Milembe. Niliwasha taa iliyokufa."

Aliyasema hayo hayo msibani mbele ya watu wote. Alipeleka na mtamba wake wa pekee kwa mama wa marehemu, akaomba radhi kwa ajili ya taa. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, nachambua mchele. Mpaka leo Benedikta akinikuta kanisani ananishika mkono na kunitilia karanga kiganjani. "Kula, mwanangu. Na wewe ulishtuka siku ile." Sijawahi kuzila. Naziacha njiani, nyuma ya uzio wa shule.

Taa ilitengenezwa. Mjomba alifunga mpya pande zote mbili, na vioo viwili vikubwa. Hapo ndipo alipoanza kumwona Novatus kwenye vioo.

"Yupo nyuma," alianza kusema kila tukimaliza kona. "Anataka kupita."

Nilikuwa natazama nyuma muda wote na sikuona mtu. Niliona lami na joto linalotetemeka juu yake. Niliona pia vinyweleo vya pamba vilivyodondoka kwenye mzigo wetu, vikiviringika katikati ya barabara kutufuata. Hata siku ambazo hakukuwa na upepo vilitufuata. Vilikuwa vinakuja mpaka karibu na trela, umbali ule aliokaa yeye, na hapo vinabaki.

Mjomba alisema anasikia injini yake. Mimi nilisikia swali. *Sasa nikae hukuhuku, au nipite?*

"Simpishi," mjomba alikuwa akisema. "Safari hii simpishi." Ndiyo sababu alishika katikati, na wengine wote, wazima, walizuiliwa pamoja naye.

Wiki iliyopita, siku ya Jumatano, Noah moja ya abiria ilitukuta palepale. Ilipiga honi mpaka masikio yakaniuma. Ikajaribu kutoka kulia. Mjomba akavuta usukani kulia. Ikarudi, ikajaribu tena, naye akavuta tena, na safari hii tairi za Noah zilishuka kwenye changarawe na gari likalala upande kidogo. Niliwaona abiria wakishikana. Dereva akalirudisha, akapita kushoto kwenye vumbi, akaja kusimama mbele yetu akiwa ameziba njia. Mjomba akafunga breki.

Dereva alishuka. Alikuwa kijana mwembamba mwenye jezi. "Mzee, shikamoo. Sasa niambie, unataka kuniua?"

"Marahaba. Nataka usife."

"Nisife? Umenisukuma mtaroni na watu saba!"

Mama mmoja akatoa kichwa dirishani. "Luhende, mpige picha! Mpige picha na namba ya trekta, umtumie trafiki!"

"Ninayo namba ya mwenye trekta," Luhende alisema, akitoa simu mfukoni. "Danford. Hahitaji trafiki huyu." Akamgeukia mjomba tena, na nadhani aliona jinsi alivyokuwa bado anakikodolea kioo cha kulia, maana sauti ilishuka. "Baba, una tatizo gani?"

"Taa yangu ilikufa," mjomba alisema. "Akanipita hapa. Akafa."

Luhende alizunguka mpaka nyuma ya trela, akatazama, akarudi. "Taa zako zinawaka zote, mzee. Mimi nimeziona. Aliyekufa amekufa. Sisi tulio hai tunapita wapi?"

Luhende akaingia kwenye gari, simu bado mkononi. Sijui kama alipiga. Noah ikaondoka.

Nilishuka kwenye mzigo. Nilikwenda nikasimama karibu na tairi kubwa, nikalisemea lile tairi.

"Sikunyanyua kitambaa."

"Unasemaje?"

"Sikunyanyua, mjomba. Nilimpungia apite. Sikutazama mbele." Nikainua uso. "Alikuwa ananitania, nikaona aibu. Nilimpisha ili aache kunitazama. Taa haikuhusika. Alikuwa ananitazama mimi."

Mjomba alizima injini.

"Mwaka mzima," alisema, "nimekuwa nikizungumza na taa."

"Niliogopa utanirudisha Mkula."

Alitazama kwenye kioo cha kulia, muda mrefu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyesimama mlangoni na hajakaribishwa.

"Bado yupo," alisema. "Na mimi sina cha kumwambia tena. Panda. Umwambie wewe."

"Mjomba, naogopa."

"Mimi pia. Panda."

Nilipanda. Aliwasha injini, akalisogeza trekta kushoto, kushoto kabisa, mpaka tairi zikawa kwenye changarawe na nikasikia vipande vya chupa vikisagika. Kisha akawasha indiketa ya kushoto. Niliona mwanga wake ukipiga kwenye majani makavu, unawaka, unazima.

Nikageuka kutazama mbele. Nilitazama vizuri, daraja, mteremko wa ng'ambo yake, mpaka pale barabara inapokuwa nyembamba kama kamba. Hakukuwa na Fuso. Hakukuwa na baiskeli wala mbuzi. Nilitazama mara ya pili na ya tatu.

Ndipo nikageuka nyuma. Lami ilikuwa tupu. Vile vinyweleo vya pamba vilikuwa pale, umbali uleule, vimetulia.

"Mwadila," nikasema. Nilikuwa na deni la salamu hiyo. Nilisema kwa sauti, bila kanga mdomoni. "Sikutazama siku ile. Leo nimetazama. Mbele kweupe. Pita."

Nikapunga mkono.

Pamba ikaanza kusogea. Ilitoka kulia, ikaja sambamba na trela, ikanipita nikiwa nimesimama, ikampita mjomba, ikaenda zake juu ya lami kuelekea darajani. Majani ya kando ya barabara hayakutikisika hata moja.

Mjomba akanyanyua mkono wake taratibu kutoka kwenye usukani, kama madereva wanavyojibu asante.

"Umesikia?" akaniuliza. "Amepiga mbili."

Nilitega sikio. Nilisikia injini yetu na indiketa ikigonga, tik, tik.

"Sijasikia."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu lakini yametulia, macho ya mtu ambaye leo atalala. "Kaa sawa," alisema. "Tunachelewa kiwandani."

"Utanirudisha?"

"Nikikurudisha, nani atanitazamia mbele?"

Tulivuka daraja tukiwa kushoto. Basi likaja nyuma, mjomba akalipisha, likatupita na kupiga honi zake mbili. Leo ni siku ya sita, na Danford bado hajaja kuchukua funguo. Kila gari linalotupita hunipigia mbili, na mimi huinua mkono. Lakini tukifika kati ya kona na daraja bado natega sikio, maana mimi ndiye niliyempisha, na asante yake hajanipa.