Ng'ombe wa Marehemu Ngollo

Yoramu alikuwa karani wa baraza la mtemi upande wa Choma, na ni yeye peke yake aliyejua Kiingereza. Barua ilipokuja kutoka Tabora juu ya ng'ombe wa Ngollo, mfugaji aliyefariki mwezi uliotangulia, hakukuwa na wa kumsahihisha. Palipoandikwa 'deceased' yeye alisoma 'diseased'. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilikuwa imepita vijiji vya jirani masika yale, kwa hiyo maana ilimjia upesi: ng'ombe wana maradhi, waondolewe.

Minza, mjane wa Ngollo, aliwafuata Yoramu na askari wa mtemi hadi zizini, akawaonyesha mmoja mmoja: macho makavu, kinyesi kizuri, maziwa tele.

"Hawa hawaumwi, karani."

Yoramu alimjibu kwamba Serikali imekwisha andika. Kufika adhuhuri ng'ombe kumi na tisa walikuwa wamepigwa risasi na kufukiwa, pamoja na ndama aliyezaliwa wakati wa matanga.

Wiki ya tatu ikaja barua nyingine, ikiuliza kwa nini majina ya warithi hayajapelekwa. Yoramu aliisoma mara mbili. Akafungua kamusi aliyoachiwa na mmisionari, akafuata maneno kwa kidole. Moja ni aliyekufa. La pili ni mwenye maradhi. Kumbe Tabora walitaka ng'ombe wa marehemu wakabidhiwe watoto wake.

Alimkuta Minza akifunga mizigo. Posa ya mwanawe ilikuwa imevunjika, maana mahari ilikuwa zizini. Yoramu alimwamkia, akaeleza yote bila kujitetea. Minza akamwomba ayatamke yale maneno mawili. Akayatamka.

"Mbona ni neno moja?"

"Siyo moja, mama. Nilikosea mimi."

Minza akarudi kwenye mizigo yake.

Mtemi aliposikia, hakutaka jambo likue. Alimwagiza karani aandike kwamba ng'ombe wale walikufa kwa sotoka kabla ya barua kufika. Yoramu alikaa na kalamu mkononi mpaka wino ukakauka kwenye nibu. Alikuwa na watoto wanne na hakuwa na kazi nyingine. Akachovya tena, akaandika.

Tabora hawakuuliza zaidi. Minza alihamia kwa kaka yake huko Nzega, na kiangazi kile watu waliopita huko walimwona akichuma pamba ya wengine kwa kibarua, yeye na mwanawe.