Kijiko cha Mkunga

Hebu niambie, mama aliyezalisha nusu ya mtaa utamwambiaje kwamba sasa anaua samaki kwa mikono yake mwenyewe? Kitinda, mwanawe wa mwisho, msusi wa saluni ya barabara ya pili, hakujua. Hata mimi sijui.

Mama yake alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na sita. Siku alipostaafu, wenzake wa hospitali walimpa saa ya ukutani na maua ya plastiki, akaona wanamtania. Akaenda zake kununua samaki wanne wadogo wenye mikia kama vitambaa vya kichwa. Samaki wa aina ile hawatagi mayai, wanazaa. Mkunga apewe nini tena? Mwaka haukuisha, sebule ikajaa vioo saba vya maji, vya kufugia samaki. Jike akikaribia kuzaa, alihamishiwa kwenye chombo chake peke yake na kutolewa mara tu alipomaliza, maana samaki mzazi hana huruma, akigeuka tu anameza alichozaa. Mama alivuta kiti, akavaa miwani, akawahesabu wanaotoka. "Huyo wa ishirini na tatu. Jitahidi mama, bado kidogo." Samaki anaambiwa ajitahidi! Majirani walicheka mpaka basi, lakini wote walikuja kutazama.

Chakula kilikuwa kiini cha yai lililochemshwa, kilichokaushwa na kusagwa. Kijiko kimoja kwa vioo vyote, asubuhi na jioni, kile kijiko kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi. Kikizidi ni sumu, alisema, kwa sababu kinachobaki kinaoza. "Na samaki hajui kusema nimeshiba. Ukimwona anakukimbilia kiooni, usidanganyike. Ametoka kula sasa hivi."

Ndipo wakaanza kufa. Wiki moja wachanga kumi na mmoja, wiki iliyofuata kioo kizima. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na samaki wamepanda juu wanatweta. Mama akabadilisha maji, kesho yake yakachafuka tena. Akasema ni bomba. Jirani yao, fundi bomba, alikuwa amewatengenezea koki mwezi ule ule, basi nani mwingine? Kitinda akamfuata hadi mlangoni kwake, akampa vidonge vyake mbele ya mkewe. Ametia dawa gani kwenye maji ya watu? Fundi alimsikiliza hadi mwisho.

"Dada, maji hayo hayo ndiyo ninayokunywa. Mimi nimekufa?"

Kitinda akaondoka bila kumuaga.

Alhamisi akaamka na homa, saluni hakwenda. Akajilaza kwenye kochi la sebuleni, blanketi hadi puani. Saa moja asubuhi mama akawalisha samaki. "Haya wanangu, kuleni." Sawa. Saa mbili akatoka jikoni anajifuta mikono, akafungua kopo. "Haya wanangu, kuleni." Kitinda akadhani homa inamchezea. Saa tatu na robo, tena. Sauti ile ile, upole ule ule, na samaki wasio na haya wakaja mbio. Saa tano ikawa mara ya nne.

Moyo ulimpiga paa. Wala si kwa ajili ya samaki. Alikumbuka asubuhi aliyosalimiwa na mama mara tatu akadhani ni utani. Alikumbuka mchuzi uliotiwa chumvi mara mbili. Halafu akaukumbuka mlango wa fundi bomba, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, umeshawalisha."

"Nani?"

"Wewe. Mara nne. Nimekuwa nikikuangalia."

"Homa hiyo imekupanda kichwani. Mimi? Mimi niliyekuwa nawapimia watoto wa watu dawa kwa matone?"

Kitinda hakubishana. Alinyanyuka, akachukua kopo, akamfunulia. Ubavuni palikuwa na kipande cha plasta chenye tarehe, mwandiko wa mama mwenyewe, kwa desturi yake ya hospitali. Lilijazwa Jumapili, chakula cha wiki mbili. Chini palibaki vumbi tu.

Mama alisoma ile tarehe. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tarehe tena. Kisha akakaa.

"Mara nne?"

"Nne, mama."

"Na jana?"

"Jana nilikuwa kazini."

Mama aliviangalia vioo kimoja kimoja, hadi kile kitupu cha mwisho. "Kumbe ni mimi," akasema. "Na fundi wa watu nimemsingizia."

"Mimi ndiye niliyemtukana."

"Kwa maneno yangu." Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kijiko. "Shika. Kuanzia leo unalisha wewe. Nitakuja kukuomba, najijua. Nitakugombeza, pengine nitalia. Ninyime."

"Mama, jamani..."

"Wanawake wangapi wamenishika mkono wakinisihi niwaache walale, na mtoto yuko njiani? Sikumwacha hata mmoja. Roho iliniuma, lakini sikumwacha. Ninyime, Kitinda."

Akaenda kunawa uso. Kitinda akakitia kijiko mfukoni mwa sweta, akasimama pale pale, hajui akae au amfuate. Akasikia maji yakimwagika muda mrefu, kisha koki ikafungwa.

Mama akarudi uso unang'aa, mtulivu kabisa. Akainama mbele ya kioo cha kwanza. Samaki wakaja mbio wote.

"Maskini, wana njaa hawa," akasema. Akapapasa mfuko wa aproni, akapapasa tena. "Mwanangu, hujaona kijiko changu?"

"Wameshakula, mama."

"Wamekula saa ngapi, na mimi ndiye ninayewalisha? Unacho hapo, naona umekificha. Nipe."

Kitinda akatikisa kichwa.

"Nipe, mwanangu. Tafadhali."

Tangu azaliwe, mama yake hakuwahi kumwambia tafadhali. Kitinda alikibana kijiko mfukoni hadi kikamuumiza kiganja, na machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

"Sikupi, mama," akasema.