Sifuri ya Mkalimani

Ebo! Mtu anakaa miaka miwili akigawa alama za wahusika, halafu asubuhi moja bosi anakuja kumwambia zote zilingane?

Ndivyo alivyofanyiwa Mama Alama. Jina hilo walimpachika wenzake ofisini, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo tu. Katika mchezo wa mezani waliokuwa wanautengeneza, watu wanne wanajifanya wasafiri, na yeye ndiye aliyeamua kila msafiri anajua nini na hajui nini. Mpiga Upanga alipewa kumi kwenye vita, sifuri kwenye lugha. Fundi Kufuli hashindwi na mlango wowote, lakini akiona damu anazimia. Wa tatu alijua kutibu majeraha tu. Na Mkalimani, kipenzi chake, alikuwa na sifuri ya vita na kumi ya lugha. Maneno ya wageni wanaokutana nao njiani yaliandikwa, yakiwa yameshatafsiriwa, kwenye kadi za ndani ya bahasha. Mwenye sifuri ya lugha haruhusiwi kuzisoma, anasubiri kuambiwa.

Mkalimani huyo alimtoa kwa mama yake mzazi, aliyewatafsiria wagonjwa hospitalini miaka ishirini. Hakuwahi kushika sindano, lakini daktari alikuwa haanzi kazi mpaka mama afike.

"Nani atanunua sifuri?" bosi aliuliza, kalamu nyekundu mkononi. "Kila mhusika apate kumi kila mahali. Mkalimani mtoe kabisa, hana kazi tena, weka shujaa mwingine mahali pake. Saa sita mchana faili liende kiwandani likachapwe."

"Hana kazi?" Damu ilimchemka Mama Alama. "Bosi, sifuri hiyo ndiyo inayomfanya amtafute mwenzake! Ukimpa kila mtu kila kitu, umetengeneza mtu mmoja mwenye sura nne!"

"Usinipandishie sauti. Tujaribu, tuone."

Haya, wakajaribu. Mezani alikaa mchoraji, mpokea wageni, mlinzi wa getini, na dada wa chai aliyevutwa kujaza kiti cha nne. Mlinzi akaanza. Akafungua lango, akaongea na majambazi darajani, akawapiga, akajifunga jeraha mwenyewe, akabeba hazina. Mchoraji alikuwa ameinamia simu. Mpokea wageni alipiga miayo bila hata kuziba mdomo. Dakika ishirini, kwisha.

"Safi sana!" bosi akapiga makofi. "Mmefurahi?"

"Mzuri, mzuri," wakajibu, ile mzuri ya mtu anayeogopa kufukuzwa kazi.

Dada wa chai peke yake hakuitikia. "Samahani, bosi. Mimi nilikuwa wa nini hapo?"

"Ulikuwa shujaa kama wengine."

"Lakini hakuna aliyenihitaji."

"Dada, wewe si mchezaji. Rudi jikoni."

Lo! Hapo Mama Alama akashindwa kujizuia. "Harudi! Huyu ndiye pekee aliyesema kweli humu ndani, halafu unamfukuza kama kuku? Faili ninalo mimi, na halitoki mpaka ukae hapo ucheze mchezo wangu, si huo uji wako!"

Alijua kabisa anaweza kulala leo hana kazi.

Bosi akacheka kwa dharau, akavuta kiti. "Nikishamaliza, unatuma faili langu."

Mlinzi akampisha, akabaki kusimamia sheria, na bosi akapewa Mpiga Upanga. Dada wa chai akapewa Mkalimani. Walipofika darajani, majambazi thelathini wakawazunguka, na kiongozi wao akasema jambo kwa lugha yake.

"Nawakata wote," bosi akasema.

"Thelathini, peke yako? Umekufa," Mama Alama akamjibu. "Nakurudisha mara moja tu. Fikiri."

Bosi akaunyoosha mkono kwenye bahasha. Mlinzi, naye mlinzi ni mlinzi, akaifunika kwa kiganja. "Una sifuri, bosi."

Dada wa chai akaichukua, akaisoma polepole, akashtuka, akailaza kadi kifudifudi. Mchoraji alikuwa ameshaiweka simu yake chini. Mpokea wageni akasogeza kiti.

Simu ya ofisi ikaita. Ilikuwa saa sita, kiwanda kinataka faili. Bosi akaitazama ikiita, akaitazama ile kadi. Hakuinuka. Akamgeukia dada wa chai na kuinama karibu naye.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "tafadhali, wanasemaje hao?"